Tairi za Baba Kwenye Ghala la Masii

Rafiki yangu, mwezi uliopita nilipita Masii nikakuta ghala la mahindi limebomolewa. Kumebaki jukwaa la saruji ambapo malori yalipakiwa, na mnyororo mmoja uliokula kutu.

Baba alifanya kazi bandarini Mombasa. Kikosi chao kilifunga mipira mikubwa ukingoni mwa gati, ili meli ikija isiumie wala kuumiza gati. Likizo alikuja akinuka grisi, naye Mama akampikia muthokoi, mahindi yaliyotwangwa kuondoa maganda.

Mwishoni mwa miaka ya tisini malori yaliligonga sana jukwaa lile. Mpakiaji mmoja alipondwa vidole vitatu. Jirani yetu, mama mwenye ghala, akamwomba Baba msaada. Baba akatundika tairi kuukuu kwa minyororo ukingoni mwa jukwaa.

"Mzee wa Mombasa," dereva mmoja akacheka, "hapa meli ziko wapi?"

"Lori ni meli imekosa maji tu!" Baba akajibu.

Kisha akaniambia, "Tairi isipobonyea, kishindo chote kinaingia ukutani."

Sikuelewa. Shuleni walinicheka eti tairi za Baba ni laini kama mandazi. Jioni moja nikazijaza mawe na udongo, nikashindilia kwa mchi wa kutwangia muthokoi. Nilitaka ziwe imara.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Baba alisimama ukingoni mwa jukwaa akimwelekeza dereva yule yule. "Rudi, rudi, usiogope!" Alimwacha aje kwa kasi kwa sababu aliziamini tairi zake. Lori likagonga. Jukwaa likapasuka, nguzo ya paa ikaanguka ikamponda Baba kifua. Damu ilimtoka mdomoni ikalowesha mahindi, akafa pale pale.

Watu walimshusha dereva wakampiga kwa mateke na mbao, meno yakang'oka. Alilia, "Tairi ni ngumu kama mwamba! Angalieni!" Hakuna aliyeangalia. Mimi nilisimama pale na udongo kwenye kucha zangu, nikanyamaza. Miaka baadaye Mama alikufa akimlaani dereva huyo.

Sasa dereva yule ni mzee, anauza njugu karibu na jukwaa. Alinitambua.

"Binti wa mzee wa Mombasa. Nisamehe kwa sababu ya baba yako."

Nikamweleza yote, mawe na mchi. Akaziweka njugu chini.

"Kumbe nilisema ukweli?"

"Ulisema ukweli, mzee."

Akageuka huku na huku, akitafuta mtu wa kumwambia. Mama mwenye ghala hayupo. Wapakiaji hawapo. Waliompiga wamezeeka au wamezikwa. Barabarani walipita vijana tu, wasiojua kwamba pale palikuwa na ghala.