Kikwembe Changu na Droni ya Chanjo

Wapendwa, mnaoketi nyuma sogeeni, maana kovu ninalotaka kuwaonyesha halionekani kwa mbali. Mimi ni Mama Elisa, msusi. Kijiji chetu kiko njiani kati ya Kasongo na Kabambare, na ukimwona bibi arusi huku kwetu amependeza kichwani, ujue alipita magotini pangu. Nasema hivyo bila aibu. Mume wangu ana shamba la muhogo na mdomo wa utani, mimi nina vidole vyangu.

Mvua zikinyesha, barabara yetu ni matope matupu. Pikipiki ya chanjo za watoto ilikuwa ikifika dawa zimeshapata joto na kuharibika. Ndipo tukaambiwa chanjo zitaletwa na droni, ile ndege ndogo isiyo na rubani ndani. Mafundi wakatengeneza uwanja nyuma ya kituo cha afya, wakatuonya kwamba watu wote wakae mbali.

Sasa, kwetu mgeni wa heshima hakanyagi vumbi. Wanawake hutandika chini vikwembe vyao, vile vitenge vya kujifunga kiunoni, naye hupita juu yake. Na huyu mgeni anayewaletea watoto wako uzima, utamwacha atue mchangani? Maneno ya mafundi tuliyatii kabisa. Watu tulikaa mbali. Vikwembe tulivitandika katikati ya uwanja, changu cha maua mekundu mbele.

Droni ikashuka ikivuma. Upepo wake uliviinua vikwembe, na changu kikajisokota kwenye mapanga yanayozunguka. Ikalala upande, ikatujia. Niliinua mkono wa kulia kukinga uso. Sikusikia maumivu mwanzoni. Niliona tu kitu cheupe kwenye shina la kidole gumba, halafu damu ikakifunika. Ulikuwa mfupa wangu.

Walinifunga kwa kikwembe kingine, wakanipakia kwenye pikipiki mpaka hospitali ya Kasongo. Kila shimo la njia ile bado nalikumbuka.

"Docta, kidole iko?" nikauliza.

"Iko, Mama. Lakini mushipa wa kukikunja ulikatika. Tutaushona."

"Nitasuka tena?"

"Acha tuone kwanza."

Hilo "tuone" liliniuma kuliko sindano.

Jeraha likatunga usaha. Lilinuka mpaka walionijia kunipa pole wakawa wanaketi karibu na mlango. Likisafishwa, nililia kama mtoto. Mwishowe likakauka, lakini kidole kilikuwa kigumu kama kijiti, na kijiko kiliniponyoka. Niliogopa, siwafichi. Msusi asiye na kidole gumba atashika nini?

Nikiwa bado kitandani akaja Nadia, msichana wa Kindu, fundi aliyeiongoza droni siku ile. Nilidhani amekuja kutushtaki.

"Mama, sikukuya kutafuta mwenye kosa," akasema. "Unionyeshe tu, vikwembe vilikuwa wapi?"

Nikashuka, nikatandika shuka la hospitali sakafuni kwa mkono wa kushoto, nikamweleza tunavyompokea mgeni. Machozi yakamlenga.

"Siye tuliwaambia watu wakae mbali," akasema. "Hatukuuliza munapokeaka mugeni namna gani."

Swali hilo sasa wanaliuliza katika kila kijiji kabla droni haijaruka. Na uwanjani kinaondolewa chochote kinachoweza kupeperuka, hata jani kavu la mgomba.

Nikarudi nyumbani. Daktari alikuwa ameniagiza nifinye mpira laini kila siku. Mpira sina, nikafinya bonge la ugali.

"Eh, Mama Elisa!" mume wangu akasema. "Bugali yote unaifinya, siye tutakula nini?"

Nilicheka, nikaendelea kufinya. Kidogo kidogo kidole kikaanza kujikunja.

Kwa hiyo, wapendwa, ajali ikiwapata, ielezeni ilivyokuwa, msiipambe wala kuifupisha, maana anayekuja nyuma yenu atapona kwa maneno hayo. Na wewe mwenye jeraha, fanya mazoezi hata yakiuma. Usiufiche mkono ndani ya nguo kama nilivyotaka kufanya mimi. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, nawashukuru Nadia na mume wangu aliyevumilia ugali uliofinywa.

Droni ilirudi. Tuliimba tukiwa mbali, vikwembe tumevifunga kiunoni barabara. Ikatua, mapanga yakasimama, Nadia akainua mkono kutuita. Hapo ndipo tulipotandika, changu chenye kiraka mbele, naye akapita juu yake akiwa na sanduku la chanjo, bado la baridi. Kazi ilipokwisha alikuja kwangu, akaketi chini kati ya magoti yangu, nikaanza kumsuka. Kidole gumba kikashika nywele, kikavuta.

"Aii, Mama!" akalia. "Unakaza sana, inauma!"

Wapendwa, tangu nizaliwe sijasifiwa hivyo.