Fundi wa Tovuti ya Rachel

Niliwafukuza mafundi watano kabla ya Namnyaki, na sijutii hata mmoja. Vijana waliosoma, wengine na vyeti vyao kwenye plastiki, wanapanda hadi hapa kwetu juu ya Usa River wakihema. Kahawa haijapoa, mtu anafungua kompyuta, anatazama dakika tatu, anasema: "Mzee, hii tovuti ni ya zamani. Tuifute tuanze upya." Ala! Umekuja kwa mtu, hata kikombe hujamaliza, unataka kufuta?

Prosper wa Ngarenaro ndiye aliyeniudhi kuliko wote. Kujua alikuwa anajua, siwezi kumnyima haki yake. Alinitajia lugha saba za kompyuta akizihesabu kwa vidole. Nikamuuliza, "Na kusikiliza, umesomea?" Akacheka, akidhani natania. Nikamsindikiza mpaka barabarani, nikarudi kukaa na vikombe viwili mezani.

Mimi ni Naftali. Nalima kahawa na ndizi, na kwa miaka kumi nimekuwa nikiwatembeza wageni shambani. Wanachuma, wanatwanga, wanakaanga, wanakunywa, na Mlima Meru ukikubali kutoka mawinguni wanapiga picha. Walikuwa wanatupata kwa tovuti, na tovuti aliitengeneza mke wangu, Rachel. Alikuwa sekretari mjini. Ana miaka arobaini na tisa akaanza kujifunza kompyuta kwa video za YouTube, kila Jumamosi, miwani puani na daftari pembeni. Nilimcheka. Nilimwambia, "Mama, uzee umeshabisha hodi, wewe ndiyo unataka uinjinia?" Akafungua video nyingine.

Baada ya miezi minane simu yangu ikalia nikiwa kwenye migomba. Ujumbe, tena kwa Kimeru: "Naftali, wageni wawili kesho saa tatu. Vaa sweta, siyo lile lililotoboka." Nikampigia kazini kumuuliza wageni gani hao. Akasema, "Sijatuma mimi. Imetuma tovuti." Kumbe mtu akijaza fomu huko kwao Ulaya, tovuti yenyewe inachagua maneno ambayo Rachel aliyaandika tangu mwanzo, inanitumia. Wakati mwingine sweta, wakati mwingine dawa, wakati mwingine nikate kucha.

Rachel ametutoka huu mwaka wa tatu. Tovuti haikuwa na habari. Tumezika Ijumaa, Jumatano simu ikalia: "Naftali, wageni wanne kesho. Umekunywa dawa ya presha?" Nilikaa chini palepale shambani. Nikajibu kwa sauti, "Nimekunywa, mama." Toka siku hiyo ikawa ndiyo mazungumzo yetu.

Halafu mwezi wa kumi na mbili mwaka jana ikanyamaza. Fomu ikagoma, ujumbe ukakatika. Watu walidhani nawalilia wageni. Wageni nao niliwahitaji, lakini sitadanganya: nilitaka ile simu ilie. Nilitaka mke wangu anigombeze. Sasa hilo utamwambiaje kijana mwenye vyeti? Unaona aibu. Wakisema tufute, nawafukuza, na wao wanashuka wakisema huko juu kuna mzee mkorofi.

Dada yangu Elizabeth, anayekaa Kikatiti, alikuwa upande wao, naye akiniona mkorofi. Kila Jumapili akitoka kanisani ananipigia: "Kaka, njoo ule na watu." Na kila Jumapili mimi nina kazi. Tangu msiba sikuwahi kukanyaga kwake. Niende nikafanye nini? Kila mtu pale kakaa na mwenzake, na mimi wananikatia nyama kubwa kwa huruma.

Namnyaki alikuja mwezi wa tatu, binti wa Ngaramtoni, Mwarusha, buti zake zimejaa tope.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa."

Nikamwekea bakuli la loshoro, maana kwangu mtu haanzi kazi na njaa. Akala mahindi, akanywa maziwa yake ya mgando mpaka tone la mwisho, akaomba aongezewe. Ndipo akafungua kompyuta. Hakusema tufute. Alisoma mstari kwa mstari nusu saa nzima, mpaka nikaanza kuingiwa na wasiwasi.

"Baba, nani kaandika hii?"

"Kwani vipi?"

"Mtu makini huyu. Ila maelezo yake yote yako kwa lugha nisiyoijua."

Akanigeuzia kioo. Akanieleza kwamba fundi anapoandika tovuti huacha maneno pembeni kwa ajili ya fundi atakayefuata, na kompyuta yenyewe huyaruka. Basi Rachel aliyaacha yote kwa Kimeru. Nikatazama, macho yakanijaa machozi. Kumbe wale watano walitaka kufuta kwa sababu hawakuelewa, na hakuna aliyejishusha akauliza.

Tukaanza. Yeye na lugha zake za kompyuta, PHP na JavaScript, mimi na Kimeru changu. Akikwama ananiita.

"Hapa anasemaje?"

"Anasema usiguse huu mstari, ulimsumbua wiki nzima."

"Na hapa?"

"Anasema..." Nikasita. "Anasema Naftali hasomi meseji ndefu, fupisha."

Namnyaki akacheka mpaka akashika mbavu. Na mimi nikacheka. Nyumba hii ilikuwa haijasikia watu wawili wakicheka kwa muda mrefu sana. Alikuja siku nne mfululizo, na siku ya tatu, Mungu anisamehe, nilijikuta natafsiri polepole kwa makusudi.

Siku ya nne aliupata ugonjwa. Seva, ile kompyuta ya mbali inayotunza tovuti, ilikuwa imebadilishwa, ikaacha kuelewa maneno ya zamani aliyotumia Rachel. Akayarekebisha moja moja, mengine yote akayaacha yalivyo. Kisha akainama karibu na kioo.

"Baba, kuna ujumbe mmoja hapa haujawahi kutumwa hata mara moja. Unangoja siku thelathini zipite bila mgeni kujiandikisha. Aliuweka mwezi wa nane, miaka mitatu iliyopita."

Mwezi wa nane Rachel alikuwa kitandani. Mwezi wa tisa tulimzika. Nikavaa miwani, nikasoma: "Naftali, mwezi mzima hakuna mgeni. Basi mgeni uwe wewe. Nenda kwa Elizabeth."

"Unasemaje?" Namnyaki akauliza.

"Wa kawaida tu," nikamdanganya. "Sweta."

Namnyaki akaijaza fomu kwa jina lake ili tujaribu, na simu mfukoni mwangu ikalia: "Naftali, mgeni mmoja kesho. Kata kucha." Nikatoka nje nikamjibu nyuma ya banda la ng'ombe, "Nitazikata, mama". Niliporudi alikuwa ameshafunga begi. Nikamfungia kahawa, nikamsindikiza. Kesho yake hakuja mgeni, wala yeye hakuja.

Mvua za masika zikaanza. Huo si msimu wa wageni, na kwa mara ya kwanza nikafurahi. Kila siku isiyo na mgeni nilikuwa naitia alama kwenye kalenda ya kanisa iliyoko ukutani, nikihesabu tangu ile fomu ya Namnyaki. Niliutaka ule ujumbe. Najua nilishausoma, lakini kuusoma kwenye kompyuta ya mtu siyo sawa na kutumiwa. Nilitaka Rachel mwenyewe anitume, simu ilie, nimwambie sawa mama, naenda. Siku ya kumi. Siku ya ishirini. Elizabeth akipiga namwambia, "Subiri kidogo." Anasema, "Nisubiri nini, kaka?"

Siku ya ishirini na saba simu ikalia. Nikaidaka kwa mikono miwili.

"Naftali, wageni wawili kesho saa tatu. Vaa sweta, siyo lile lililotoboka."

Jamani! Nilikasirika, nikaitupa simu kitandani. Wageni wa masika, nani kawaita? Nilitaka kuwaandikia njia imekatika, wasije, ili hesabu yangu isivurugike. Nikakaa na kidole juu ya simu. Ndipo nikajiona: mzee mzima, anawafukuza watu mlangoni ili marehemu ampe ruhusa ya kwenda kwa watu. Nilijionea huruma, halafu nikajionea haya.

Wale wageni wawili niliwatembeza kwenye tope, wakafurahi, wakaondoka Alhamisi. Jumapili nikavaa sweta zima. Nikakata mkungu wa ndizi, bodaboda akanishusha Kikatiti watu wakiwa wanatoka ibadani. Elizabeth alinikuta nimesimama mlangoni kwake, mkungu begani, sijui niuweke wapi.

"Kaka! Mimi nakuita miaka mitatu hunisikii. Leo nani kakutuma?"

"Rachel," nikasema.

Elizabeth akaupokea mkungu, akaenda kuniongezea kiti.