Jina Ambalo Sikuliandika

Mimi ni mtu wa hasira, kila mtu kwetu Manyatta anajua, na hasira yangu kubwa siku hizi ni juu yangu mwenyewe. Nilijua kanuni. Hilo ndilo linaloniuma. Kama ningekuwa sijui, ningejisamehe, ningesema wacha tu, sikufundishwa. Lakini nilifundishwa, na nilifundishwa vizuri.

Nilijifunza mambo ya tovuti mjini Embu, kwenye chumba kilicho juu ya duka la dawa za mifugo, kila Jumamosi kwa miezi mitatu. Tulikuwa wanawake sita na wanaume wawili. Mwalimu wetu alikuwa msichana ambaye ningeweza kumzaa, mkali kama pilipili. Tulipomletea ukurasa tuliouandika, hakuuliza kama umependeza. Aliuliza, "Anayetafuta, ataandika nini?" Basi. Ukikosa jibu, anakurudisha ukae.

Ukurasa wangu wa kwanza niliupa kichwa "Karibu Shambani Kwangu". Alicheka mpaka akashika meza. "Mama, ni nani huyo ameketi kwake anashika simu na kuandika 'karibu shambani kwangu'?" Ai! Nilinuna wiki nzima. Nikamwambia mume wangu sirudi tena, siwezi kuchekwa na mtoto wa juzi. Halafu nikarudi, maana niliona ana haki.

Nikabadilisha kichwa kikawa "Jinsi ya Kupanda Nduma Kando ya Mto". Anwani ya ukurasa nikaifanya fupi, yenye maneno hayohayo. Aya ya kwanza ikasema moja kwa moja kilichomo, bila kuzunguka. Vichwa vidogo vikawa ni yale maswali ambayo watu huuliza kweli: nafasi kati ya mche na mche, maji kiasi gani, huchukua miezi mingapi. Kila picha nikaiandikia maelezo kwenye kile kisanduku chake, kwa sababu mwalimu alitukazia kwamba mtambo wa kutafuta hauna macho, unasoma maneno tu. Ukurasa wa kupanda nikauunganisha na ule wa kupika. Baada ya wiki kadhaa watu nisiowajua walianza kuniandikia, mmoja kutoka Kisii, mwingine Murang'a, wananiuliza habari za nduma, hayo magimbi yetu. Nikawa natembea sokoni na shingo ndefu.

Na hiyo nduma yenyewe nilifundishwa na baba mkwe wangu. Kila nilichoandika kilitoka kinywani mwake. Alikuwa anasimama kwenye tope na gambuti zake, ananiambia, "Mwari, hapa usichimbe sana," na mimi naandika. Kwetu mwari ni binti. Hakuwahi kuniita mke wa mtoto wake, aliniita binti. Kwenye tovuti nilimwita "mzee wetu".

Sikumtaja jina. Kwetu mke wa mtu hamtaji baba mkwe wake kwa jina, na mimi nilikaa katika boma lake miaka kumi na tisa bila jina hilo kupita mdomoni mwangu hata mara moja. Tukienda naye kliniki na nesi akaniuliza jina la mgonjwa, nilimpa kadi asome mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha. Ningelitaja, hakuna mtu angenichapa. Ni heshima tu, unalizunguka jina lake jinsi unavyoizunguka miguu ya mzee aliyeketi ameinyoosha. Nilimpenda yule mzee. Nilimpenda kuliko nilivyompenda baba yangu mzazi, na hilo sijawahi kumwambia mtu.

Usahaulifu ulimwingia polepole. Kwanza alisahau siku, halafu akasahau wajukuu. Mara nyingine alimwita mume wangu kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani, na mume wangu aliitika tu. Kisha Jumanne moja asubuhi, sisi sote tukiwa tunachuma kahawa, akatoka. Gambuti na sweta ya kijivu, basi. Tuliporudi saa sita uji wake ulikuwa mezani, haujaguswa.

Tulimtafuta siku hiyo mpaka sauti zikatukauka. Tukaandikisha ripoti kituoni. Kesho yake mume wangu akaenda mjini kuchapisha tangazo: picha ya mzee, majina yake matatu kwa herufi kubwa, na nambari ya simu yangu. Siku ya tatu akachukua gundi, wakagawana barabara na ndugu zake. Kabla ya kuondoka akanitumia ile picha ya tangazo kwenye simu. "Wewe ndiye mwenye tovuti, mama watoto," akaniambia. "Mweke huko, nchi nzima imwone."

Nikaketi. Nikafungua ukurasa mpya. Kishale kikawa kinapepesa pale pa kichwa, kinangoja, na vidole vyangu vikakataa. Nawaambia ukweli, vilikataa. Nikaandika: "Tunaomba Mzee Wetu Mpendwa Arudi Nyumbani". Anwani ya ukurasa nikaiita "tangazo". Aya ya kwanza nikaeleza jinsi alivyo mpole, jinsi wajukuu wanavyolala wakimuuliza, jinsi tunavyomwomba Mungu. Hata neno "amepotea" sikuliweka, niliona ni kama kumtangaza kwamba hajielewi. Kisha chini nikaweka ile picha ya tangazo. Jina lilikuwa humo ndani ya picha, kubwa, jeusi, na si mimi niliyeliandika. Kisanduku cha maelezo ya picha nikakiacha kitupu. Nikajiambia mwenye macho ataona.

Nilipomaliza nikausoma na nikalia, nikaona nimeandika kitu kizuri. Mjinga mimi! Ningeandika vile kuhusu nduma, mwalimu angenirushia kalamu.

Siku zikapita. Tulizunguka Embu mjini, Runyenjes, kingo za mito yote, wengine wakafika Chuka. Hakuna aliyefikiria Timau. Huko mbali, kaskazini ya mlima mkubwa ulio juu yetu, kwenye baridi ile, mzee alifanya kazi ya kuvuna ngano akiwa kijana, kabla hajaoa. Alikuwa ametusimulia mara nyingi. Lakini sisi tulikuwa tunamtafuta mzee, na yeye alikuwa ametoka nyumbani kama kijana anayetafuta kazi.

Siku ya kumi, saa saba mchana, nilifungua zile takwimu za tovuti. Ukurasa wa nduma ulikuwa na wageni wake kama kawaida. Ule wa mzee ulikuwa umefunguliwa mara arobaini hivi, na karibu wote ni jamaa tuliowatumia wenyewe. Waliokuja kwa kutafuta: hakuna. Hata mmoja. Nikampigia mwalimu simu, nikiwa na hasira naye, kana kwamba ni kosa lake.

"Nimefanya kila kitu," nikamwambia. "Hakuna anayeuona."

Alikuwa ameufungua. Kisha akaniuliza kwa upole, na yeye si mtu wa upole, "Mama, aliyemwona mzee ataandika nini?"

"Jina lake," nikasema. "Mzee jina lake analijua. Hilo hajasahau."

"Na jina liko wapi?"

"Kwenye picha."

Nikakumbuka alivyotukazia: mtambo hauna macho. Woi.

Nilimpigia mume wangu ili alitaje yeye, aliandike yeye. Simu haikuingia, alikuwa mabondeni huko. Basi nikaandika mwenyewe. Majina yote matatu, herufi kwa herufi, kwenye kichwa cha ukurasa. Nikaongeza amepotea, nikaongeza Manyatta, nikaongeza Embu. Nikayaweka kwenye anwani, kwenye sentensi ya kwanza, kwenye maelezo ya picha. Zile aya zangu za machozi nikazishusha chini kabisa, na juu nikaweka umri, sweta, gambuti, simu. Nikauomba mtambo wa kutafuta uje uusome ukurasa upya. Ilinichukua dakika kumi. Dakika kumi, jameni! Nilipomaliza nilijiona kama mtu aliyemtukana mzazi wake hadharani.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, simu ikalia. Nambari nisiyoijua. Sauti ya mwanamke.

"Ni wewe umeandika kuhusu mzee..." na akalitaja jina, lote, kwa urahisi kabisa, kama anayelitaja kila siku. "Nimeliona sasa hivi."

"Yuko wapi?" nilipiga kelele. "Haki ya Mungu, yuko wapi?"

Akaniuliza, "Mama, umeketi?"

Alikuwa amefariki jana yake alasiri, hospitalini huko Timau. Homa ya mapafu.

Tulifika Timau, mume wangu na mimi, na upepo wa kule ukatupiga hata kabla hatujafunga vifungo. Mwanamke yule alikuwa anatungoja nje ya chumba cha maiti. Mtu mdogo, mfanyakazi wa shamba la maua, bado ana ile aproni ya kijani ya kazini. Alituambia kwamba alimkuta mzee siku ya pili tangu apotee, gari lililomfikisha hakuna anayelijua, amesimama kando ya shamba la ngano, anauliza ni wapi wanaandikisha wavunaji. Akamchukua chumbani kwake, chumba kimoja cha mabati anakoishi na watoto wawili. Akampa kitanda, yeye na watoto wakalala chini. Akaripoti kwa chifu na kwa polisi, ila ripoti yake na yetu hazikukutana. Mzee alijua majina yake matatu. Ukimuuliza nyumbani ni wapi, alisema ni kule mtoni. Siku ya nane akaanza kukohoa.

Mume wangu akaingia kumtambua baba yake. Mimi nikabaki kwenye benchi na yule mwanamke. Nilitaka kumshukuru, nikawa nafuta pua kwa leso tu. Yeye akatoa simu yake mfukoni. Sidhani alitaka kunilaumu. Nafikiri alitaka nijue kwamba alijitahidi.

Alifungua pale pa kutafutia, na chini yake ikajitokeza orodha ya yale aliyowahi kuyaandika. Jina la mzee. Jina la mzee na neno amepotea. Jina la mzee na familia yake. Jina la mzee na Meru. Jina la mzee na Embu. Jina la kati likiwa mwanzo. Jina la mwisho peke yake. Alikuwa ameliandika kwa kila namna ambayo mtu anaweza kuliandika, na alikuwa analipatia. Niliisoma orodha yote hadi mwisho. Kila alichoandika ni kile ambacho mwalimu angeniambia ataandika.

"Nilikuwa nafanya hivi kila jioni nikitoka kazini," akasema. "Nikimaliza bando naomba la jirani. Hata alipolazwa, nilikwenda na simu pale kitandani. Alijua nafanya hivyo kwa ajili yake. Ananiuliza, watu wangu wameandika? Namwambia bado, mzee. Labda kesho."

"Alikasirika?" nikamuuliza.

"Hapana. Alisema mko na kazi nyingi ya kahawa, mkimaliza mtaandika."

Akaanza kulia, mtu ambaye hakuwa na deni lolote kwetu, akalia kana kwamba yeye ndiye aliyechelewa. "Nilimwambia bado, mama," akarudia. "Mpaka siku ya mwisho nilimwambia bado."

Nikamshika mkono. Ulikuwa na makovu madogo ya miiba ya maua. Sikuweza kumwambia kwamba tulikuwa tumeandika tangu siku ya tatu.