Maneno Matano Kati ya Mistari ya Chai

Niliinua mkono kwa sababu wenzangu waliinua. Ulikuwa mkutano wa wazazi katika shule ya binti yangu, hapa karibu na Ikonge, na mwenyekiti alizungumza Kiingereza kitupu. Mimi niliacha masomo darasa la sita. Nilidaka neno hapa na pale, mengine yakanipita. Jumatatu binti yangu alichelewa kurudi, viatu vimejaa matope. Lango la chini la shule lilikuwa limefungwa, ikabidi azunguke hadi barabara kuu.

"Si nyinyi wazazi mlikubali lifungwe?" akaniuliza.

Wiki hiyo nilinunua daftari, nikaazima kamusi yake ya Kiingereza. Nikajipangia maneno thelathini kila jioni, kuanzia herufi ya kwanza. Kufikia Sabato hata matatu hayakuwa yamebaki kichwani.

Jirani yangu alimaliza kidato cha nne, na shamba lake la chai linapakana na langu. Siku moja tukichuma nilimweleza aibu yangu.

"Dada, unameza bila kutafuna," akasema. "Chukua matano tu. Kila neno litungie sentensi ya mambo yako mwenyewe."

Tukaanza papo hapo. Neno "stubborn", yaani mkaidi, nilimpa ng'ombe wangu, na halijanitoka tangu hapo, maana kila asubuhi ng'ombe huyo hunikumbusha. Nilipojifunza "decide", kuamua, jirani alinidai na "decision", uamuzi. Kesho yake, kabla ya maneno mapya, aliniuliza ya jana kutoka upande wake wa mpaka, na Ijumaa akaniuliza ya wiki nzima. Neno nililosahau lilirudi kwenye orodha bila huruma.

Baada ya miezi kadhaa nilijitolea kusoma fungu la Biblia kwa Kiingereza kanisani. Nikatamka "island", kisiwa, na "s" yake yote, ambayo haitamkwi. Vijana wa kwaya wakacheka, lakini fungu nililimaliza. Kumbe maneno yangu niliyajua kwa macho tu. Kuanzia hapo nikawa nafungua redio kusikiliza taarifa ya habari ya Kiingereza nikikoroga uji, narudia kwa sauti nilichosikia, binti yangu akinisahihisha.

Mkutano wa mwaka uliofuata, mwenyekiti alipendekeza masomo ya ziada kila Jumamosi. Akasema yatakuwa "compulsory". Neno hilo nilikuwa nalo: ya lazima. Nilikuwa nimelitungia sentensi kuhusu chanjo ya ndama. Mikono ilianza kuinuka, hata ya Waadventista wenzangu. Nikasimama.

"Mister Chairman, compulsory for everybody? Saturday is our Sabbath."

Mzee mmoja aliyeketi nyuma akauliza kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, nimesema nini. Nikamweleza kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba watoto wetu watalazimishwa kusoma siku ya Sabato. Mikono ikashuka mmoja mmoja. Tukajadiliana kwa Kiswahili, Wakatoliki nao wakikataa Jumapili, hadi tukakubaliana Jumatano alasiri.

Mwenyekiti alipofunga mkutano alisema "adjourned". Hilo sikulijua. Watu wakitoka, nilimwendea na daftari langu nikamwomba aniandikie, akaniandikia pale pale, herufi kwa herufi.