Neno Lililogoma Kutoka Kwenye Simu ya Baba Mkubwa

Nina duka la steshenari Nkende, kando ya barabara, na kwa watu wengi mimi ni yule mama wa kopi. Wachache wanajua kwamba wateja wakipungua huwa naandika. Nilifungua blogu baada ya baba kufariki, kwa sababu sauti yake ilikuwa haitoki masikioni mwangu na sikuwa na mahali pa kuiweka. Naandika mambo madogo: mama anavyosonga ugali wa mtama, majina tuliyowapa ng'ombe, mvua iliyotukuta njiani tukitoka kanisani. Wanaosoma ni ndugu, niliosoma nao, na wengine ambao siwajui kabisa.

Kuandika hakunisumbui. Kinachonisumbua ni vyote vinavyokuzunguka kuandika. Kompyuta ya dukani ni ya zamani, na kivinjari chake kinaniambia kila mara kwamba kimepitwa na wakati. Nikikisasisha, kinanisahau kama hatujawahi kuonana. Kinataka neno la siri, kisha kinatuma namba ya uthibitisho kwenye laini niliyoipoteza zamani. Nikifanikiwa kuingia, herufi zimebadilika ukubwa. Nafuta nafasi kati ya aya mbili, inaongezeka nyingine. Natoka nje, natazama barabara, narudi, nakaa, nasimama tena. Mteja ananiambia, "Dada, nitolee kopi hii," namtolea huku jicho liko kwenye kile kiduara kinachozunguka kwenye skrini bila kufika popote. Mume wangu anasema siku hizi nakaa mezani kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Siku moja niliandika kuhusu shamba letu la Ringwani. Nilieleza jinsi baba na kaka yake, baba mkubwa wangu, walivyotoka Tarime wakiwa vijana, wakaenda kuanza maisha upande ule wa Serengeti, wakafyeka, wakapanda mtama na mihogo. Niliandika kuhusu jiwe ambalo baba alinolea panga. Watu walipenda. Waliacha maoni mazuri chini ya ukurasa, nami nikawa naufungua na kuufunga siku nzima, nikihesabu kila neno jema kama zawadi.

Halafu yakaja maoni mengine, bila jina la mtu: "Andika pia vile mlinyang'anya mjane hiyo shamba."

Niliyasoma nikiwa na mteja mbele yangu. Mjane gani? Sikuwahi kusikia habari za mjane yeyote. Namna ya kuandika, "hiyo shamba," ilinionyesha mtu aliyezoea Kiswahili cha upande wa pili wa mpaka wa Sirari. Zaidi ya hapo sikujua kitu. Kabla sijaamua la kufanya, simu iliita. Alikuwa baba mkubwa.

Yeye ndiye amebaki kati ya wale ndugu wawili, na anaishi kwenye shamba lenyewe. Mtoto wake alimnunulia simu ya kupangusa, na tangu hapo anasoma kila ninachoandika, polepole na kwa sauti, akimsomea mkewe na yeyote aliyepita nyumbani.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Shikamoo yako kaa nayo kwanza. Nani huyu aliyeandika hapa?"

"Simjui. Hakuweka jina. Baba mkubwa, kuna mjane?"

"Lifute hilo neno."

"Lakini je, ni kweli?"

"Nimesema lifute."

Nikalifuta. Nilihakikisha kwenye kompyuta, nikahakikisha kwenye simu yangu, nikashusha pumzi. Mchana akapiga tena.

"Bado lipo."

"Nimeshalifuta, baba mkubwa."

"Binti yangu, mimi ni mzee, sijawa kipofu. Ninalisoma hapa." Na kweli akanisomea, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mara hii nilisikia watu wengine nyuma yake.

Niliomba simu ya mteja nikafungua ukurasa. Neno halikuwepo. Ndipo nikaelewa. Kivinjari cha simu yake kilikuwa kimehifadhi nakala ya zamani, na kwa kuwa mtandao wa kule ni wa shida, kilikuwa kinamwonyesha ile nakala badala ya kwenda kutafuta mpya.

"Simu yako imeweka ukurasa wa zamani," nikamwambia. "Inakuonyesha ule ule."

"Simu yangu imetunza maneno uliyoyafuta wewe?"

"Ndiyo."

"Huo ni uongo wa mjini."

Nilijaribu kumwelekeza. Nikamwambia aguse vidoti vitatu, juu, upande wa kulia. Akasema hakuna vidoti. Nikasema vipo. Akauliza ni kulia kwake au kulia kwa simu. Akagusa kitu, akajikuta kwenye tangazo la dawa ya mifugo, akarudi, akalikuta neno lile lile limemkalia. Mwisho akaniambia nimeona tabu kulitoa kwa sababu nakubaliana nalo, akakata.

Jioni ile sikuweza kutulia. Nilifungua ukurasa, nikaufunga, nikaufungua, kana kwamba kwa kuutazama mimi Nkende ningeusafisha kule Ringwani. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kila aliyefika kwake alionyeshwa. Mtu aliyetaka neno lile lifutwe ndiye alikuwa analisambaza, kwa hasira. Nilimuuliza mama, ambaye ninaishi naye, kama anamfahamu huyo mjane. Mama alikuwa anachambua dagaa. Aliendelea kuchambua.

"Muulize mwenye shamba," akasema. "Na uende mwenyewe. Mambo haya hayaendi kwa simu."

Asubuhi nilifunga duka nikapanda gari la kwenda Ringwani. Tulipita Nyakunguru wakati vijana wa machimbo wanabadilishana zamu, wamepakizana kwenye pikipiki, nyuso zimejaa vumbi la mawe. Pale mtandao una nguvu, nikafungua ukurasa tena. Kivinjari kikaniuliza kama nakubali vidakuzi vyake vya kunikumbuka, nikakubali. Kikaniuliza kama nataka kupata taarifa, nikakataa. Tangazo likafunika nusu ya skrini, na alama ya kulifunga ilikuwa ndogo mno, kidole kikaangukia tangazo lenyewe. Ukurasa wangu mwenyewe, na naingia kwa kuomba ruhusa! Tulipovuka Mto Mara mtandao ulikatika, na nadhani ndiyo sehemu pekee ya safari ambayo mikono yangu ilitulia.

Nilimkuta baba mkubwa amekaa nje ya ghala lake la nafaka. Safari hii aliipokea shikamoo yangu, ila kwa ubaridi. Mama mkubwa, mkewe, aliniletea maziwa mgando, na kabla sijamaliza kikombe mzee alikuwa ameninyooshea simu.

"Haya. Soma."

Neno lilikuwepo. Hata mimi, niliyejua sababu, nilishtuka kuliona. Nikaingia kwenye mipangilio, nikafuta kumbukumbu zote za kivinjari, nikafungua ukurasa upya. Ukawa mweupe, mweupe tu, hauna hata kichwa cha habari.

"Umeua na shamba lenyewe," akasema.

"Ni mtandao, baba mkubwa."

Mtandao wa kwake unapatikana kwenye mwinuko nyuma ya zizi. Tukapanda, yeye mbele na fimbo yake, mimi nyuma nimeinua simu juu kama mtu anayeomba mvua. Pale juu ukurasa ulifunguka kipande kwa kipande: kichwa, picha, maandishi, halafu yale maoni mazuri. Lile neno halikuwepo.

Nilimpa aone mwenyewe. Akapangusa kwenda chini, akapangusa kwenda juu, akarudia. Nilingoja afurahi.

"Limekwenda wapi?"

"Halipo tena."

"Na aliyeliandika, yeye bado analo?"

"Kichwani mwake, ndiyo."

Akakaa kwenye jiwe, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Sasa umefuta nini?"

Upepo ulikuwa unapiga, ng'ombe wanalia zizini, na mimi niliyesafiri mwendo wote ule kutengeneza simu nilisimama pale sijui pa kuweka mikono. Ndipo akasema, "Andika. Nitasema mimi."

Nikafungua ukurasa kwenye simu yangu, kwenye kisanduku cha kuandikia. Akasimama, akakohoa, akazungumza kama anavyozungumza kwenye vikao vya ukoo. Shamba lilikuwa la mtu aliyefariki. Wadogo wa marehemu walilitoa kwetu kwa ng'ombe, mbele ya wazee, na wazee wakala na kunywa. Hakuna aliyenyang'anywa. Anayesema vinginevyo ajitokeze na jina lake. Maneno yalikuwa mazito, yamepangwa, na vidole vyangu vilikimbia kuyafuata yote.

Nilikuwa nimebakiza kubonyeza tu pale simu ilipoita. Ni mteja, anauliza kama duka liko wazi. Nilimjibu upesi nikarudi kwenye kivinjari. Ukurasa ukacheza, ukajifungua upya wenyewe, na kisanduku kikawa kitupu.

Niliteremka mpaka mwanzo wa mihogo, nikapiga teke bonge la udongo, nikapanda tena.

"Yamepotea," nikamwambia.

"Yote?"

"Yote."

Nilijua atafoka. Hakufoka. Alitazama chini, upande wa kijito.

"Nilisema vizuri?"

"Ulisema vizuri sana, baba mkubwa."

"Ndiyo. Nilisema vizuri." Akakaa tena juu ya jiwe. "Andika upya. Ila hii ya sasa si ile."

Safari hii nilifungua sehemu ya ujumbe mfupi, nikawa najiandikia mwenyewe, sikukiamini tena kivinjari. Na yeye hakuwa na sauti ya kikao. Alisema ng'ombe walikwenda kwa wadogo wa marehemu, na mjane hakupata hata mmoja. Alirudishwa kwao. Msimu uliofuata, mvua zilipoanza, mama huyo alitokea ukingoni mwa shamba ameshika jembe, binti yake mdogo nyuma yake. Alisimama tu.

"Nilimwambia aende," baba mkubwa akasema. "Nilimfokea. Baba yako akamfuata, akamnyang'anya jembe. Nikadhani ananisaidia kumfukuza. Kumbe akainama, akaanza kulima. Akamlimia tuta la kwanza, akamrudishia jembe lake."

Vidole vyangu vilisimama. Nimeandika mara nyingi kuhusu baba, kuhusu kofia yake, kikohozi chake, alivyopenda kukaa karibu na redio. Huyu mtu aliyeinama na jembe la mjane mikononi sikuwa nimewahi kukutana naye.

"Mama yule akawa analima kipande kile cha karibu na kijito," akaendelea. "Karanga. Kila msimu, mpaka alipougua. Mimi na baba yako hatukusemezana mvua zile zote. Nilimwambia atatupotezea shamba. Na habari hii nilimkataza asiwaambie watoto. Aliniheshimu. Alinyamaza mpaka amekufa."

"Niandike na hiyo?"

"Andika. Andika pia kwamba habari ya ng'ombe nilikuwa naijua. Siku ile ile wanatolewa nilijua yule mama hatapata."

"Baba mkubwa, watu watasoma."

"Si ndiyo maana unaandika?"

Nikamsomea yote, akanisahihisha mahali pamoja: nilikuwa nimeandika "nilimwambia aondoke," akataka ibaki "nilimfokea." Nikayapandisha kwenye ukurasa, ndani ya habari yenyewe, chini ya aya ya jiwe la baba. Iligoma mara ya kwanza. Iligoma ya pili. Ya tatu ikakubali. Tulipoteremka nilimsomea na mama mkubwa. Alisikiliza akiwa anaosha vibuyu, akasema, "Karanga zake zilikuwa nzuri," akaenda kuvianika.

Nilirudi Nkende. Nilichoogopa kuliko vyote ni matusi. Hayakuja mengi. Binamu mmoja aliniuliza kwa nini naanika ukoo, nikamwambia amuulize mzee. Halafu asubuhi moja, nikiwa natoa kopi za vyeti, nikayaona maoni mapya, bila jina kama mwanzo:

"Nimesoma. Ni mimi nilikuwa nafuata mama na hiyo jembe. Hizo karanga nazikumbuka. Lakini baba zangu wadogo hawakuwa na ruhusa ya kuuza."

Nilimpigia baba mkubwa nikamsomea mimi mwenyewe. 

"Ni kweli," akasema. "Hawakuwa nayo." Kisha akaongeza, "Mwambie aje."

"Aje kufanya nini? Akiuliza nimjibu nini?"

"Mwambie aje tuonane. Kabla sijaenda alikokwenda baba yako."

Nikamjibu pale pale chini ya maneno yake. Nikaeleza njia ya kufika, nikamwomba anitafute. Ila blogu yangu haimpi taarifa mtu asiyeacha anwani, na yeye hakuacha kitu. Kama hatarudi mwenyewe kuufungua ukurasa, hatajua kamwe kwamba ameitwa. Nimehangaika na mipangilio yote, hakuna njia. Nimelipandisha jibu juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi nene. Na bado najiuliza, akifungua, kivinjari chake kitamwonyesha ukurasa upi?

Kila asubuhi nafungua kabla sijapanga karatasi kwenye mashine. Baba mkubwa anapiga karibu kila siku, na siku hizi anaitika shikamoo haraka haraka ili afike kwenye swali lake: amejibu? Namwambia bado. Mama mkubwa ananiambia kwamba msimu huu mzee amelima shamba lote isipokuwa kile kipande cha karibu na kijito. Nyasi zimeota pale mpaka magotini, na ukimuuliza anasema kina mwenyewe, atakuja kukilima.