Kizibao cha Manjano cha Yves

Katika yadi yetu ya wahamiaji, mtaa wa Malvern, nyuma ya Jules Street, hakuna anayejua mpira wa Italia kunishinda mimi, mjomba wa wote, Tonton Pitchou. Shule niliiacha darasa la sita, yenyewe ikabaki inanililia. Masika, msusi wa chumba cha jirani, hakujua hata kona hupigwa na nani. Lakini timu ya Atalanta ya Bergamo ikicheza kwao, aliacha kichwa cha mteja nusu akaja kukaa mbele ya televisheni yangu.

Hakufuata mpira. Mdogo wake, Yves, alikuwa mlinzi wa jukwaani kule, wale wenye vizibao vya manjano wanaoupa mpira mgongo ili wawachunge mashabiki. Kabla ya mechi alimtumia dada yake sauti kwenye simu: "Dada, leo niko kona ya kushoto. Unitafute." Nyuma yake uwanja mzima unaimba.

"Amekwenda mpaka Ulaya kuangalia watu wanaoangalia mpira," nilimtania.

"Angalau yeye yuko uwanjani, Tonton. Wewe unamfokea kocha umevaa ndala."

Corona iliingia Bergamo kabla haijatubishia hodi sisi. Ligi ikasimama. Mtu anayeishi na Yves akapiga simu mara moja tu: ambulansi imemchukua, hapumui vizuri. Baada ya hapo simu zote mbili, ya Yves na ya huyo mwenzake, hazikupatikana tena. Masika akapiga hospitali, akajibiwa Kiitaliano, laini ikakatika. Kisha na sisi tukafungiwa ndani, saluni zikafungwa, askari wakajaa barabarani.

Kutoka kwao Butembo, shangazi yao, tantine Jeanne, akawa anauliza: tuweke matanga? Masika akakataa.

"Ligi ikirudi atakuwa kwenye kona yake. Mungoje."

Kila asubuhi niliisikia ile sauti ya Yves kupitia ukutani. Dada, leo niko kona ya kushoto. Ukimuuliza, anakujibu: "Mtu anayeongea hivi hajafa."

Juni ligi ikarudi. Masika akaja amevaa kitenge cha kanisani. Nikampa kiti changu cha mbele, ambacho hata mchungaji sijawahi kumpa. Akasogea karibu na kioo kama anayetafuta chawa. Viti vitupu, kona hadi kona. Lakini spika zinaimba, uwanja mzima.

"Hawa wanaoimba wako wapi, Tonton?"

Mimi ambaye sijawahi kukosa uongo nilitafuta mmoja, sikuupata.

"Hawapo. Wamekatazwa kuingia. Ni sauti za zamani, walizirekodi. Wanazipiga ili tusisikie ukiwa."

"Wenyewe hawapo, sauti inaimba."

"Ndiyo, mwanangu. Hata walinzi wengi wamebaki nyumbani. Huenda na Yves yuko kwake, amepona, anakula tambi."

Hakucheka. Alitoa simu, akaifungua ile sauti, akaisikiliza mpaka mwisho, safari hii macho yakiwa kwenye vile viti. Atalanta wakafunga goli.

Kisha Masika akapiga simu Butembo.

"Tantine," alisema, "tandikeni mikeka."

Nikanyoosha mkono nizime televisheni. Akanishika.

"Bado, Tonton. Acha kwanza waimbe."