Tulivyojipangia safari ya Kabambare kwa boti na barabara, nikakutana na baba mkwe ng'ambo ya mto

Wakuu, salamu kwenu nyote, wakubwa shikamooni.

Hii sijasimuliwa, imenikuta mimi mwenyewe. Na mke wangu kakaa hapa pembeni anasoma kila ninachoandika, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi sina nafasi.

Twende.

Ilikuwa enzi za Zaïre. Mimi kijana wa Kalemie, fundi cherehani, nashona abakosti, zile suti zisizovaliwa tai, za wakubwa wa biro, yaani maofisini. Nikampenda msichana anaitwa Feza. Alikuwa anakaa mjini kwa shangazi yake, Mama Salima, muuza dagaa pale sokoni. Wazazi wake walikuwa Kabambare, huko kaskazini, porini kabisa.

Baba yake akatuma ujumbe kwa dereva wa lori: "Huyo kijana aje nimuone kwa macho yangu. Kuoa kwa barua mimi sitaki."

Sasa kufika Kabambare ndiyo ilikuwa mtihani.

Watu wa kawaida walipanda treni mpaka Kongolo kupitia Kabalo, halafu lori. Lakini treni wakati huo ilikuwa imelala. Ukiuliza stesheni unaambiwa "kesho", na huyo anayekwambia amevaa kandambili, anakula muhogo.

Rafiki yangu Kalunga akasema tusiwasubiri. Tujipangie wenyewe. Boti mpaka Baraka, halafu lori mpaka Fizi, halafu tunakata msitu mpaka Kabambare.

Kalunga alikuwa na ramani aliyoichana kwenye kitabu cha shule. Akaitandaza juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa.

"Ona, barabara iko. Hii mustari mwekundu."

"Na hii kijani yote?"

"Ile njo mashamba ya watu."

Wakuu, ile kijani haikuwa mashamba ya watu.

Tukapanga kila kitu. Chandarua, kamba, sabuni, sukari, chumvi ya kugawa njiani. Zawadi ya baba mkwe ilikuwa baiskeli mpya, bado ina karatasi kwenye usukani. Mimi nikajishonea abakosti ya bluu, kitambaa kizuri, nikaikunja ndani ya mfuko ili niivae siku ya kufika.

Kitu kimoja sikukipanga: Mama Salima.

Siku ya kuondoka tunamkuta bandarini kakalia godoro lake, pembeni sufuria kubwa na bata wawili kwenye kikapu.

"Mama, unasafiri wapi?"

"Kabambare. Unazani kaka yangu atakupokea weye na huyu Kalunga, batu hata kusalimia bakubwa hamujui?"

Hatukubisha. Tukabeba godoro.

Safari ya boti nitaifupisha kwa sababu niliipitisha nimeinama ubavuni mwa boti, natapika. Mimi mtoto wa Kalemie, nimezaliwa ziwa likiwa mlangoni, lakini kuogelea sijui na maji nayaogopa. Mama Salima alikula dagaa wa kukaanga njia nzima na kuniuliza kama sisikii njaa.

Baraka tukashuka. Tukapata lori la magunia ya chumvi. Fizi tukapita. Baada ya hapo ndio nikaielewa ile kijani.

Msitu, milima, nyasi ndefu kuliko lori. Barabara ikawa njia mbili za matairi, kisha moja, kisha dereva anashuka kuulizia. Tukikwama kwenye matope tunasukuma wote, isipokuwa Mama Salima, yeye alibaki juu "kuchunga bata".

Hatimaye tukafika mto Luama.

Kwenye ramani ya Kalunga pale pana alama ya kivuko. Na kweli kivuko kilikuwepo, ile pantoni ya chuma tuliyoiita bac. Kiko ng'ambo, motere, yaani injini yake, imefunguliwa vipandevipande, na juu ya sitaha wameanika muhogo.

Mafundi wawili wameinama juu ya motere. Na pembeni yao mzee mmoja mwenye kofia nyeupe, naye ni abiria aliyekwama kama sisi, anawaelekeza kwa kelele. Sauti yake ilivuka mto bila nauli.

"Si vile! Geuza! Mukono wa kuume! Nilisema wa kuume!"

Asubuhi nzima. Mafundi wakifungua anasema funga, wakifunga anasema fungua. Joto kali, mbung'o wanatuuma, na uvumilivu ukaniisha. Nikasogea ukingoni, nikaweka mikono mdomoni:

"Weye Papa wa kofia! Kama unajua sana, tengeneza mwenyewe! Ama nyamaza bafundi bafanye kazi!"

Upande wetu wote wakacheka. Kalunga akanipongeza.

Mzee akageuka. Akaweka mikono kiunoni, akafoka:

"Ni nani huyo mutoto anasema na mimi vile?"

Hapo Mama Salima akaacha kuosha sufuria.

"Ngoja. Ile sauti naijua." Akakinga jua kwa kiganja. "Ile njo kaka yangu. Ile njo Kitenge!"

Wakuu, niliyemfokea ni baba mkwe.

Kumbe Mzee Kitenge alichoka kusubiri. Akapanga safari yake kimyakimya: ashukie Kalemie bila taarifa, anikute kwenye cherehani yangu nilivyo, kabla sijapata nafasi ya kujipamba. Sisi tunakwenda kumshangaza, yeye anakuja kutushangaza, na wote tumekwama mto mmoja.

Basi posa ikaanza kupelekwa kwa kelele juu ya maji. Mama Salima huku, kaka yake kule, abiria wa pande mbili wamekaa chini wanasikiliza kama radio.

"Kaka! Tumemuleta kijana!"

"Yuko wapi?"

"Huyu hapa!"

"Ni wa ukoo gani?"

Nikajibu kwa sauti nyembamba, ya kujibadilisha, ili asinitambue. Mzee hakusikia kitu. Abiria wakapokezana kupeleka jibu langu. Mama mmoja ng'ambo, ambaye wala simjui, akasema ukoo huo anaufahamu, wana roho nzuri ila wanakoroma.

Mzee akaamua:

"Bac haitapona leo. Mutumbwi uko. Avuke! Akiogopa maji, mutoto yangu atamuchunga namna gani?"

Nikamtazama Kalunga. Kalunga akatazama ramani.

Nikavaa abakosti yangu ya bluu. Nikapanda mtumbwi na baiskeli yangu, nimeikumbatia, macho nimefumba. Mpiga kasia akaniambia nisitikisike.

Tulifika karibu kabisa na ng'ambo. Nikafumbua macho, nikaona nchi kavu, nikasimama kwa furaha.

Mtumbwi ukapinduka.

Nilikunywa Luama ya kutosha. Napiga maji kama bata wa Mama Salima, napiga kelele "nakufa!" Kupitia povu nikamuona mzee amevua kofia, anaingia majini kwa nguvu, anakuja. Nikasema Mungu yupo, baba mkwe ananiokoa.

Akanipita.

Akashika baiskeli. Akaibeba mpaka ukingoni, akaisimamisha vizuri, akafuta kiti kwa mkono. Ndipo akarudi, akanitazama, akasema:

"Simama, mwanangu. Maji iko kwa kiuno."

Nikasimama. Kweli, kiunoni.

Ng'ambo zote mbili watu walicheka mpaka mafundi wakaangusha spana mtoni. Rangi ya abakosti ilikuwa inachuruzika, nikawa bluu mikono na shingo.

Mzee akaniuliza: "Hii kinga ni ya nani?" Maana baiskeli kwao waliita kinga.

"Ni yako, Papa. Zawadi."

Akaibonyeza kengele. Ikalia. Akaibonyeza tena.

"Na ile sauti iliniambia ninyamaze, ni ya nani?"

"Ni yangu, Papa. Nisamehe."

Akanitazama kuanzia juu mpaka chini, nikahisi ndoa imeisha. Halafu akacheka, meno yote nje.

"Ulisema kweli. Mimi motere siijui hata kidogo. Nilikuwa naogopa kukaa hapa mpaka mvua itukute. Muntu akiogopa anapiga kelele. Hata weye umepiga."

Bac ilipopona, hatukuendelea. Mzee alitaka kuona Kalemie, akasema mimi ameshaniona vya kutosha. Tukageuza wote.

Tunashuka bandarini, Feza anatuona: mimi, Kalunga, shangazi yake, baba yake juu ya baiskeli. Mzee akamwambia kwa fahari, mambo yote yamekwisha, nimekubali.

Feza akauliza swali moja tu:

"Na mama yangu, nani amemuuliza?"

Mzee akabonyeza kengele.

Treni ilipoamka, mama mkwe alipanda Kongolo peke yake, akashuka Kalemie na mkeka kichwani. Hakuwa na ramani. Alikuwa amekasirika mno, na ilibidi nianze kuposa upya. Huyo alikuwa mgumu kuliko mto wowote, lakini mwisho alikubali, ndio maana mnasoma hapa.

Nilichojifunza: kabla ya kupanga njia, magari na mizigo, panga kwanza ni nani wa kumuomba ruhusa. Sisi tulijua mito yote, tukamsahau mtu mmoja.

Mkuu, wewe safari yako ya posa ilikuwaje? Na kama kuna aliyevuka Luama siku hizi, atupe habari: bado wanaanika muhogo juu ya kivuko?